Mkono wa Verlin

Zamani, bondeni kwetu, mkono wa dereva wa basi la shule ulikuwa ruhusa tosha ya kulipita, ingawa sheria inakataza gari lolote kulipita taa zake nyekundu zikiwaka. Siku hizi anayeamua ni kamera iliyofungwa ubavuni mwa basi, nayo haina jirani.

Verlin Teeter aliliendesha basi hilo la manjano tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nyumbani kwa Bibi Propst, watoto wakishapanda, alibaki amesimamisha basi, taa nyekundu zikiwaka, akisubiri bibi amletee mkate wa mahindi na umbea. Gari likitokea nyuma, alilipungia mkono lipite. Hakuna mtoto aliyewahi kuguswa.

Siku moja nyuma yake alikuwa Darlene Sponaugle na lori la maziwa.

"Mzee, mnaposana huko au mnaongea?"

"Wivu huo! Pita, binti, maziwa yasije yakachacha!"

Akapita. Kamera ikamnasa.

Tajiri wa malori alikuwa na sheria moja, aliyowekewa na kampuni ya bima: dereva akinaswa akilipita basi la shule, anashushwa kazini. Darlene alikuwa akimtunza mama yake aliyepotewa na akili, na bondeni hapakuwa na kazi nyingine. Akamfuata Verlin, buti zingali na tope.

"Nimekata rufaa. Kaseme ulinipungia. Nakuomba, Mzee Verlin."

"Nikisema, na mimi wananishusha."

"Najua."

Verlin akaenda, akasema. Mwanamke aliyesikiliza rufaa akawaonyesha picha: lori, taa nyekundu, namba. Mkono haukuonekana.

"Nakuamini, mzee," akasema. "Lakini taa zikiwaka, hata wewe huna mamlaka ya kumpitisha mtu. Kumbe makosa ni mawili."

"Basi futa langu!" Darlene akalia.

"Haiwezekani, mama."

Kabla ya jioni Verlin alikuwa amerudisha funguo za basi. Hakwenda nyumbani, alikwenda kwa tajiri, kofia mkononi.

"Darlene umemjua tangu anatambaa, Dale. Mlaumu mimi."

"Mimi namjua, Verlin. Bima haimjui."

Akarudi tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka akafungiwa mlango.

Mara ya mwisho alipomwona Darlene na mama yake, godoro lilikuwa limefungwa juu ya gari, wanahamia jimbo la Ohio kwa binamu. Darlene alitazama mbele tu. Mama yake akachungulia dirishani, akauliza kwa sauti kwa nini Verlin hapandi, na gari likaondoka.