Ukucha wa Shemeji

"Kioo kina vumbi hivi, halafu mnatuita tuje kukitazama? Hata kitambaa hamna?"

Anayegomba ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, fundi vioo kwa miaka ishirini na sita sasa. Mtaani wanamwita Kucha, kwa sababu hapokei kioo kabla hajakigusa kwa ncha ya ukucha. Ukucha wenyewe na taswira yake ndani ya kioo huwa haviungani. Ile nafasi ya katikati ndiyo inayomwambia unene. Mdomo wake ndio hauna kipimo. Kioo cha kabati langu alikiangusha mwenyewe mwaka juzi, akasema ni mimi sikukishika vizuri. Tangu hapo najitazama kwenye sufuria.

Siku hiyo kituo cha kutazamia nyota kilifungua milango kwa kila mtu. Mama mtaalamu alikuwa ametufunulia kioo cha darubini, kipana kama meza ya watu wanane.

"Vumbi tunaliacha, baba," akamjibu. "Kukipangusa ndiko kunakokiharibu."

"Basi na sahani msioshe."

Watu wakacheka. Mtaalamu alipogeuka kumjibu bibi mmoja, Kucha akainama, akagusa, akavuta kidogo.

Akaganda. Nilidhani kaumwa na mdudu. Ukucha wake na taswira yake vilikuwa vimegusana, bila nafasi hata ya unywele.

"Shemeji," akaninong'oneza, "rangi yake iko juu."

Vioo vyetu hupakwa rangi ya fedha kwa nyuma, kioo chenyewe kikailinda. Hiki kilipakwa usoni. Na pale alipogusa palibaki mstari, mfupi kama punje ya mchele.

"Nimewapofusha watu wa watu."

Akauficha mkono nyuma ya mgongo. Mtaalamu akarudi, akauona mstari, akatutazama. Kucha akafungua mdomo. Nikajiandaa kusingiziwa.

"Kosa langu," mtaalamu akasema. "Sikuweka kamba. Nyota tutaziona tu, na mwakani tutakipaka upya."

Kucha akaufunga mdomo. Nilimjua miaka yote hiyo, sijawahi kuuona hivyo. Njia nzima alikuwa kama mtu aliyetoka kumwagiwa maji.

Kesho yake asubuhi alikuja na kioo kipya kwapani.

"Kile cha kwanza nilikiangusha mimi," akasema, anaongea na kabati.

"Najua. Weka."

Akakiweka, akakusanya vyombo vyake. Kioo kimejaa vumbi na alama za vidole, naye anaogopa kukigusa.

"Shemeji, pangusa," nikamwambia. "Hiki rangi yake iko nyuma."