Nilivyopita Lango la Matokeo Nikiwa Juu ya Barafu

Mtihani wa kidato cha nne matokeo yake yalitangazwa redioni tukiwa tunaanika omena, dagaa wa ziwa letu, hapa Usenge. Waziri alisoma majina ya wale wa kwanza wa nchi nzima. La ndugu yangu Odongo halikuwemo. Kufikia jioni majirani walikuwa wamejaa uani kwetu na nyuso za matanga. Mama mmoja alileta hata uji. "Pole sana, Akinyi," akaniambia. "Ulijitahidi. Mtoto hata hakusomwa."

Odongo alikaa nyuma ya nyumba, hataki uji wala watu. Tangu wazazi wetu wafariki nilikuwa nimemlea kwa omena hizi hizi, naye alitaka kitu kimoja tu, chuo cha ualimu. Fomu za chuo zilikuwa karibu kufungwa, na bila alama huwezi kujaza kitu.

"Nenda ukaulize," nikamwambia.

"Siwezi kwenda kabla yako, dada. Wewe ndiye mkubwa."

Msomaji wa kwetu anaijua mila hiyo: mkubwa hutangulia kupanda, na mavuno mapya mdogo hayaonji kabla yake. Lakini ile ni habari ya mahindi na mtama. Sikuwahi kusikia mtu akiipeleka kwenye hesabu na jiografia.

"Haya ni mavuno pia," akasema Odongo bila kunitazama. Tangu lini kijana yule akawa mlinzi wa mila? Nilijua ni woga tu. Hata hivyo nikafunga leso.

Alfajiri niliondoka na lori la samaki. Dereva wake, Bwana Rashidi, ni mtu wa Kisumu ambaye babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko barabara yetu. Mbele palikuwa pamejaa, nikapanda nyuma, juu ya gunia lililofunika barafu.

"Unaenda wapi na baridi hii?" akaniuliza.

"Kisumu, kutafuta matokeo ya ndugu yangu."

"Basi ukifika ofisini usimsogelee sana karani. Atadhani umemletea kitoweo."

Kabla ya Bondo tulipita shule aliyosoma Odongo. Mwanamume mwenye koti alikuwa amesimama langoni akipunga mikono yote miwili. Nikadhani anataka samaki. Nami nikampungia, taratibu, kama mbunge aliyeshinda. Lori likaendelea.

Kisumu, ofisi ya elimu. Kwa nini Kisumu? Kwa sababu pale ufuoni kila kitu kikubwa kinatoka Kisumu: sukari, baiskeli, madaktari, habari za vifo. Hakuna aliyefikiri kwamba matokeo yanaweza kuwa mahali padogo. Nilipofika mbele ya karani, kweli alirudisha kiti chake nyuma kidogo.

"Una namba ya mtahiniwa?"

Ninayo, nikasema, nikaitoa yote kwa mdundo. Nilikuwa nimeifanya wimbo wa kugeuzia omena, nisije nikaisahau. Karani akamwita mwenzake. "Mama, hebu imba tena." Nikaimba. Wakacheka mpaka nami nikacheka.

"Sasa nisikilize," akasema karani akifuta macho. "Shule yake iko wilaya gani?"

"Siaya."

"Matokeo yanafuata shule, mama, hayafuati mji mkubwa. Yanafika ofisi ya wilaya ya shule, mwalimu mkuu anayachukua, anakaa nayo shuleni. Na redio inasoma wachache tu wa juu. Asiyesomwa hajaanguka. Mngesoma watoto wote wa Kenya redioni, hata Pasaka ingewakuta hapo hapo."

Nililala mtaa wa Obunga, huko huko Kisumu, kwa shangazi, mdogo wa marehemu baba. Yeye pia alikuwa amenunua redio, kwa hiyo yeye pia alinipa pole.

Asubuhi nilirudi kwa basi, nikashuka kwenye lango lile lile. Mwalimu mkuu alikuwa na koti lile lile.

"Si wewe uliyekuwa juu ya barafu jana?" akauliza. "Nilikusimamisha! Namjua dada yake Odongo. Siku za wazazi ulikuja na harufu hii hii, na sikuzote ulikaa kiti cha mbele."

"Nilifikiri unataka samaki, mwalimu."

"Nilitaka pia samaki."

Akafungua kabati, akaniita karibu. Nikasogea. Niliachia shule darasa la sita, na Kiingereza cha karatasi ile kilinipita juu. Lakini herufi iliyokaa peke yake kule chini niliijua. Ilikuwa B.

"Inatosha chuo?" nikauliza.

"Inatosha na inabaki. Ila karatasi hii sikupi. Lazima aje mwenyewe aweke sahihi."

Kumbe aliyetakiwa ni mwenyewe tu, na kutoka kwetu hadi pale ni mwendo wa baiskeli.

Usenge, jua likiwa kali. Odongo alikuwa kwenye nyavu akigeuza omena ambazo zilikuwa zimeshakauka. Nikachota chache, nikatafuna polepole, nikamwacha ateseke.

"Nimeonja mavuno," nikasema mwishowe.

"Machungu?"

"B, wee mwoga! Nenda shuleni ukaweke sahihi kabla fomu hazijafungwa."

Alikaa chini mchangani. Kisha akainuka akicheka na kulia, akaanza kuelekea nyumbani kuchukua baiskeli.

Basi wenye watoto wanaongoja, nilichojifunza ni hiki: mfundisheni mtoto namba yake hadi aiote, mwende kwanza shule aliyofanyia mtihani, na mtu wa koti akiwapungia langoni, shukeni.

Jingine nilijifunza pale pale ufuoni. Njia ya kwetu ni nyembamba, nyavu huku na huku, na tangu utotoni mimi ndiye niliyetangulia. Siku ile pia nilikuwa mbele, na Odongo alipofika nyuma yangu alisimama, akangoja kama kawaida. Nikaweka mguu juu ya omena, zile ambazo nimemfukuza kila mtoto wa kijiji asizikanyage, nikasogea kando.

"Pita," nikamwambia.