Hoho Zangu Zilipokunywa Maziwa ya Wakwe

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hapa Ruring'u hata watoto wakiniona wananiuliza kama hoho zangu zimekunywa chai. Yote yaliletwa na pakiti moja ya mbegu. Wambui, msichana niliyetaka kuoa, alinisihi ninunue ile aina inayostahimili ubwiriunga, ule ugonjwa wa kufanya majani yawe kama yamemwagiwa unga, lakini dukani nikaona pakiti nyingine yenye picha ya hoho nyekundu, nene, zinang'aa (mimi na picha nzuri!), nikaichukua, kisha nikamwambia Wambui nimepanda yake, naye akamwambia shangazi yake, Tata Njoki, mkulima wa hoho kule Kenol.

Sasa ikafika siku ya itara, watu wa Wambui wanakuja kwetu kuona mahali binti yao atakaa, na wasipopenda, harusi hakuna. Alfajiri naingia kwenye banda la nailoni nilimopanda hoho nakuta majani ni meupe kuanzia mlangoni mpaka mwisho! Nilitamani kulia. Nikakumbuka kusikia mahali kwamba maziwa yakichanganywa na maji yanaua ubwiriunga, nikaingia jikoni polepole, nikabeba mtungi mzima, na kwa kiherehere changu maji sikuweka hata tone, nikajaza pampu nikapiga hoho zote mpaka zikadondosha matone, na mimi nikalowa kichwa.

Wageni walifika saa nane, jua limewaka, na ndani ya lile banda, jamani, maziwa yalikuwa yameshaganda kwenye majani na nzi wamejaa kuliko waalikwa. Nilijaribu kuwapeleka upande wa kuku, lakini Tata Njoki hakuja kuona kuku. Aliingia, akashika jani, akanusa vidole.

"Muriithi, hii ni dawa gani inanuka ka mtoto mchanga?"

"Ni... ni ya kisasa, Tata."

"Na hii si ile mbegu tulikuambia. Ile yangu haishikangwi na hii unga."

Kabla sijapata uongo mwingine, mama yangu akatokea mlangoni na sufuria tupu, jasho linamtoka.

"Muriithi, wageni wako na vikombe kwa mkono! Maziwa ya chai iko wapi?"

Wote waligeuka wakatazama hoho, halafu wakatazama nywele zangu, na mjomba mmoja akaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Wakwe zangu wakanywa strungi! Kwa Mkikuyu, kumpa mkwe chai isiyo na maziwa ni heri umfungie geti. Mama alijificha jikoni kwa aibu, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Tata Njoki akaweka kikombe chini, akamgeukia Wambui mbele ya watu wote.

"Umejionea mwenyewe. Bado unamtaka huyu?"

Wambui alinitazama, nzi wananizunguka kichwani.

"Namtaka, Tata. Lakini mbegu nitakuwa nanunua mimi."

Wamama wakapiga vigelegele, nami nikakubali hapo hapo kabla hajabadilisha mawazo. Tumeoana, anapanda ile aina yake na majani ni ya kijani kabisa, na mimi nikipelekwa dukani siku hizi nabaki nje nashikilia mkoba.