Kutu Ndani ya Mguu wa Mama

Mama anauza maharage sokoni Kibondo. Alianguka na bodaboda akitoka Kitahana, siku mvua ilipokuwa imeharibu barabara, mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali moja ya mbali ilimfunga chuma, bamba na skrubu zake, akarudi nyumbani tukimshangilia.

Mwaka uliofuata paja likavimba. Kovu likafumuka, likawa linatoa majimaji meusi. Kila akiinuka alilia, "Mawe we!" akimwita mama yake aliyekwisha kufa zamani. Nikamrudisha kwa waliomfunga. Daktari hakuligusa hata paja lenyewe.

"Ni uzee, na baridi ya kwenu huko," akasema, akamwandikia dawa za maumivu.

Tuliporudi tena akasema labda ni sukari. Akapimwa, hana. Majirani wakaanza kunong'onezana kwamba amerogwa, mama yangu akaacha kwenda kanisani kwa aibu. Hilo sijawasamehe mpaka leo.

Nikampeleka Kasulu kwa daktari mwingine, mwanamke. Alitazama picha ya eksirei, akampasua, akavitoa vyuma vyote. Baadaye aliniita anionyeshe. Bamba lilikuwa na madoa ya kahawia, limelika kuzunguka matundu yake.

"Bamba ni la chuma cha aina moja, skrubu za aina nyingine," akasema. "Mwili una maji na chumvi. Vyuma tofauti vikigusana humo, kimoja kinamla mwenzake. Tena skrubu zililegea, zikawa zinasuguana na bamba. Unga wake ndio umemchoma nyama."

"Na hili halijulikani?"

"Linajulikana sana. Vinatakiwa viwe vya seti moja."

Ingekuwa bahati mbaya ningelia tu. Kumbe mtu aliokoteza vyuma vilivyokuwepo, akamfungia mama yangu ndani, kisha akamwambia ni baridi!

Nikavichukua vile vyuma mpaka kwa yule daktari wa kwanza, nikavimwaga mezani kwake.

"Lakini alitembea, hakutembea?" akaniuliza.

"Alitembea akilia."

"Dada, sisi tunaweka tunacholetewa."

"Mama yako ungemwekea hivi?"

Akachukua simu yake akaanza kuibonyeza. Nililalamika kwa wakubwa wake, wakaniahidi watalishughulikia. Sijasikia neno.

Mfupa ulikuwa umeshaunga, kwa hiyo mama hakuhitaji chuma kingine. Kidonda kimefunga. Anachechemea, lakini yuko sokoni, anagombana na wateja kama zamani.

Juzi jirani yetu alivunjika mkono, mke wake akaniomba niwasindikize hospitali. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji nikamuuliza daktari kama bamba na skrubu ni vya seti moja.

Akanitazama juu hadi chini. "Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana," nikamjibu. "Ni vya seti moja au si vya seti moja?"

Nikasimama mlangoni mpaka alipokwenda kuangalia.