Alama ya Sabuni Kwenye Kioo

Iko siku moja naikumbuka kila ninaposikia gari likirudi nyuma, mwanangu, na juzi ulinikumbusha bila kujua. Nilikuja pale uwanjani Area D kukuangalia ukijifunza kuegesha gari kando ya barabara, maana mtihani wako ni Ijumaa. Uliliingiza gari katikati ya koni kama mtu anayefunga droo. Nikafurahi. Kisha nikaona mkanda mwekundu umebandikwa kwenye kioo cha nyuma.

"Huo wa nini?" nilikuuliza.

"Hiyo ndiyo siri, babu. Koni ikifika hapo, nakata usukani wote kulia. Sijakosa hata mara moja!"

Ukacheka. Mimi niliomba maji ya kunywa, nikaenda kukaa kwenye tofali, nawe ukadhani ni jua. Halikuwa jua.

Nilipomaliza kidato cha nne nilitoka Mlali nikaja Dodoma mjini kujifunza udereva. Mwalimu wetu aliitwa Ndahani, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, asiyepandisha sauti. Alikuwa na pikapu moja na mapipa manne. Zoezi lililotutoa jasho lilikuwa hilo hilo lako: kurudi nyuma na kuliingiza gari kati ya mapipa mawili ya mbele na mawili ya nyuma, likae sawa na ukingo wa barabara, bila kugusa. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa mapipa yale. Viganja vililowa mpaka usukani ukateleza. Baba alikuwa ameshawatangazia watu wa Mlali kwamba mwanawe atakuwa dereva wa ofisi, na nilijua nikifeli nitarudi kwenye jembe na kwenye maneno yao.

Mwalimu Ndahani alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuingiza gia ya kurudi nyuma, unashuka, unalizunguka gari, unachungulia nyuma, ndipo unapanda. Wenzangu waliona ni ushamba. Nikishuka tu, kijana mmoja wa darasa letu, Sospeter, anapaza sauti:

"Shuka na rula kabisa, injinia!"

Wote wanaangua kicheko, na mimi masikio yanawaka moto.

Basi nikabuni njia. Hesabu nilikuwa naziweza. Nikapaka sabuni kidogo kwenye kona ya kioo cha nyuma, alama ya ukubwa wa ukucha. Pipa la nyuma likiifikia ile alama, nazungusha usukani wote kulia, gari linaingia lenyewe. Siku tatu sikugusa pipa. Siku ya nne mwalimu akaiona. Akaifuta kwa mkono wa shati lake, kisha akainama dirishani.

"Unatazama nini ukirudi nyuma?"

"Natazama nyuma, mwalimu."

"Hapana. Unatazama sabuni." Akanionyesha mapipa. "Haya nimeyaweka mimi asubuhi, na jioni nitayakuta hapo hapo. Ndiyo maana unayaweza. Huko unakokwenda hakuna mtu niliyempanga mimi."

Nikasema nimeelewa. Asubuhi ya mtihani nikaipaka tena. Askari wa usalama barabarani alisimama kando na karatasi zake, nikatazama sabuni, nikafaulu. Sospeter akanibeba mabegani. Mwanangu, ile ndiyo siku niliyoharibikiwa, na nilikuwa nacheka.

Nilipata kazi katika ofisi moja pale mjini. Pikapu niliyokabidhiwa niliipaka alama siku ya kwanza. Mwezi haujaisha nikatumwa kumpeleka Kondoa bwana mmoja wa ofisini. Tulifika karibu na adhuhuri, akataka niegeshe mbele ya duka. Nafasi ilikuwepo, mbele kuna gari dogo, nyuma kuna lori. Barazani walikaa wanaume sita au saba wanakunywa kahawa, wote wananitazama. Niliwaza kushuka nichungulie nyuma. Nikaisikia sauti ya Sospeter, injinia na rula yake. Sikushuka.

Nikageuza shingo. Kona ya lori ikaja, ikaifikia sabuni, nikazungusha usukani.

Kwanza nilisikia bati likikunjika. Halafu mtu akalia, "Mguu! Mguu wangu!"

Alikuwa fundi cherehani, Mzee Issa, amechuchumaa ukingoni mwa barabara na birika lake, anatawadha. Lile birika nililiona baadaye, limekuwa kama sahani. Mara ile sikuliona, kwa sababu hata baada ya kumgonga sikushuka, na hili ndilo linalonitesa kuliko yote. Watu wa barazani wanakimbia, bwana wa ofisini ameshatoka, na mimi nimeng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, natazama mbele, naogopa kwamba nikifungua mlango itakuwa kweli. Mtu mmoja akapiga kioo kwa kiganja.

"Sogeza gari, we! Uko juu yake!"

Ndipo nikasogeza.

Polisi waliponiuliza nilisema alitokea ghafla. Nikaandika hivyo, nikatia sahihi.

Mguu wake wa kulia haukupona sawasawa. Karibu miaka miwili niliikwepa ile barabara. Nikitumwa Kondoa nasingizia homa. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta kwenye cherehani yake, anakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, ule mwingine ameunyoosha kando. Nilijiandaa kwa matusi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanisogezea kigoda.

"Mzee, nilisema ulitokea ghafla. Si kweli. Sikutazama."

Akasimamisha cherehani.

"Nilikuwa pale tangu unapita mbele," akasema. "Ningeweza kuondoka. Lakini nilikuona umegeuza shingo, uso wako huu huu, macho yananielekea. Nikajiambia, kijana ameniona. Nikaendelea kunawa."

Afadhali angenipiga.

Nilimtembelea kila nilipopita Kondoa, mpaka alipofariki. Alinisamehe mbele ya wanawe. Hao ndio walionieleza kwamba tangu siku ile baba yao aliswali akiwa amekaa kwenye kiti. Mwalimu Ndahani, yeye sikuwahi kwenda kumwambia. Amekufa akijua nimekuwa dereva mzuri. Hilo nalo ni langu, silisukumi kwa mtu.

Sikwambii haya ili uuogope usukani. Uoga nilikuwa nao mwingi kuliko wewe, ila niliuweka mahali pabaya. Niliogopa mapipa, niliogopa askari, niliogopa kicheko cha watu wasionijua. Aliyekuwa nyuma ya gari ndiye sikumwogopea.

Kwa hiyo, mwanangu, bandua ule mkanda leo. Ukigonga koni Ijumaa, gonga. Utarudia mtihani na hakuna atakayeumia. Kabla ya kurudi nyuma, shuka, zunguka, chungulia hadi chini, ndipo upande. Ukigeuza shingo, tafuta mtu kwanza, nafasi baadaye. Na kwa kuwa utaendesha miaka mingi, iko siku utakosea. Siku hiyo fungua mlango upesi, uende kwa uliyemkosea, useme kweli kabla jua halijazama. Usingoje miaka miwili kama babu yako.

Ijumaa nitakuja, nitakaa kwenye tofali lile lile. Ukishuka kulizunguka gari wenzako watacheka, nawajua, hawajabadilika. Wewe nitazame mimi, halafu utazame nyuma. Mungu aiongoze mikono yako, ayafumbue macho yako, na kila utakayempita barabarani afike kwake kwa miguu yake yote miwili.