Robo Dola Zenye Ubavu Mweupe

Taabu ilinianza mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi. Baba alikufa, nikatolewa darasa la tatu nikachunge ng'ombe wa watu.

Mwaka 2004 mke wangu aliuza bangili yake ya harusi, ya fedha safi, ili nimlipe wakala niende kazini Doha, Qatar. Hakulia. Mimi ndiye niliyekaa miaka sita Al Rayyan, kando ya Doha, chumba cha watu wanane, nikitamani kuusikia mlio wa bangili ile ikigonga sufuria akisonga ugali. Badala ya tikiti za likizo nilichukua hela, watoto wasome. Niliapa sirudi bila bangili.

Nilibeba mizigo hotelini. Wageni Wamarekani walitupatia bakshishi ya sarafu za kwao, na maduka ya kubadilisha pesa hutaka noti tu. Wenzangu walizitupa. Mimi nikazipeleka sokoni kwa sonara Mhindi. Akazitazama ubavuni.

"Rafiki, zenye mstari mwekundu ni shaba ndani. Hii nyeupe ubavu mzima, ona mwaka: 1964. Robo dola ya mwaka huo kurudi nyuma, sehemu tisa kati ya kumi ni fedha. Niuzie, nakupa mara tano ya bei iliyoandikwa."

"Siuzi."

Tangu hapo hakuna sarafu iliyonipita. Shule sina, lakini tarakimu nne nasoma. Miaka mitano ikanipa robo dola nne nyeupe na sarafu sita nyeupe za senti kumi. Sonara akasema zinatosha bangili nyembamba.

"Mwambie mama apime mkono kwa uzi."

"Mkono wa mke wangu naujua," nikasema, nikamwonyesha duara kwa vidole.

"Mkono wa lini?"

Niliona ananidharau. Nikamwambia ayeyushe.

Niliporudi nyumbani, mke wangu aliivaa mbele ya majirani. Ikapita kiganja, ikaanguka sakafuni. Jembe lilikuwa limemkondesha, na kwenye simu hakuniambia.

"Baba watoto, hii umempimia nani huko?"

Wakacheka. Mimi nikatoka nje nikasimama zizini. Mkono nilioutamani miaka yote ile haukuwepo tena.

Nilitaka ipunguzwe, akakataa. Anaivaa juu ya kiwiko, hata shambani.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, eka mbili, ng'ombe watatu wa maziwa, tangi la maji, pikipiki moja. Deni sina.