Suruali Zisizo na Mifuko

Fundi alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na minane, katika chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ya kukatia, hatua chache kutoka geti la shule. Watu walimwita Mama Pindo, kwa sababu kila nguo aliiachia pindo nene ili mtoto akirefuka ishushwe. Alikuwa mnene, mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Akishika pini mdomoni hakuna aliyemsumbua, maana alijibu kwa macho, na macho yake hayakuwa na simile.

Mwalimu mkuu mpya alikuja dukani wakati wa likizo. Alikuwa kijana nadhifu, aliyepiga pasi mpaka kamba za viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Hakukaa. Alitoa karatasi akamsomea: suruali na sketi za shule nzima, kitambaa kilekile, rangi ileile. "Ila mifuko hapana."

"Mifuko hapana vipi?"

"Zisiwe nayo kabisa. Wanaficha vitu, mama. Muhula uliopita tumekamata vifuniko vya soda, gololi, mpaka mjusi mkavu. Mkono ukiwa mfukoni, akili imeshahama darasani. Mimi nataka shule hii ifaulishe."

Fundi akavua miwani. "Suruali isiyo na mfuko ni soksi mbili ndefu zilizoungwa kiunoni. Hizo mimi sishoni."

Mwalimu mkuu akacheka, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akaiweka karatasi mezani na kusema atampa wiki moja afikirie.

Jioni hiyo binti wa fundi, muuguzi, alirudi kutoka kazini akakuta habari imemtangulia. Watu watatu walikuwa wameshamsimulia njiani.

"Mama, umekataa kazi ya mwaka mzima kwa ajili ya mifuko?"

"Kazi sijakataa. Nimekataa upuuzi."

Mjukuu, msichana wa miaka tisa, alikuwa mezani anafanya hesabu za likizo. Juu ya jokofu lilibandikwa jedwali ambalo muuguzi mwenyewe alilichora kwa rangi: shule, masomo ya ziada, kuoga, kurudia masomo, kulala. Fundi alilipita kila siku. Leo alisimama akalisoma lote.

"Kucheza kuko wapi hapa?"

"Jumamosi, saa nne mpaka saa tano."

"Na akiwa hana hamu ya kucheza saa nne?"

Muuguzi akashusha pumzi. "Mama, nyakati zimebadilika. Mimi nilicheza uani mpaka giza linaingia, sikatai. Sasa nje kuna magari, kuna watu usiowajua. Na asipopata maksi nani atamchukua? Unafikiri napenda kumfungia ndani?"

Fundi alijua binti yake hasemi uongo. Aliwahi kumwona muuguzi huyo akiwa amechoka hoi, viatu bado miguuni, akimsikiliza mtoto akirudia majina ya mito. Hayo hayafanywi na mtu asiyependa.

Mjukuu akainua kichwa. "Bibi, wewe ulipokuwa kama mimi ulikuwa unacheza nini?"

"Sikucheza. Nilikuwa nalea."

"Kumlea nani?"

"Mtoto wa shangazi. Nilimbeba mgongoni mpaka akaanza kutembea, halafu akazaliwa mwingine."

Mtoto alimtazama kama anayesubiri amalizie hadithi. Fundi akamwambia amalize hesabu zake.

Asubuhi alifungua duka na kumwaga sakafuni gunia la nguo kuukuu, zile ambazo wazazi humwachia akate viraka. Chini kabisa zilikuwa suruali za miaka mingi nyuma, juu zilikuwa za mwaka jana. Alianza kuzichambua, kisha akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha. Suruali za zamani zilitoboka magotini, na mifuko ilikuwa imechanika kwa uzito. Hizi za sasa magoti yalikuwa mapya, yanang'aa kama siku zilipotoka dukani. Zilichakaa makalioni tu. Na mifukoni hamkuwa na hata mchanga.

Mkutano wa wazazi ulifanyika Jumamosi, katika darasa la kwanza, watu wazima wamekunja magoti kwenye viti vya watoto. Mwalimu mkuu alieleza sababu zake vizuri, na wengi waliitikia kwa vichwa. Fundi akainuka na mfuko wa plastiki. Akatandika mezani suruali mbili.

"Hii nimeshona kabla wengi wenu hamjaoa. Tazameni magoti. Hii ni ya mwaka jana. Tazameni ilipochakaa. Mimi sikusoma sana, ila nguo huwa hainidanganyi. Watoto wenu wanakaa. Wanakaa mpaka kitambaa kinaisha."

Watu wakacheka, lakini wengine walijitazama.

"Mama, kwa hiyo unataka turudi zamani?" akauliza baba mmoja, fundi wa magari. "Zamani watoto walichapwa na walifanya kazi kama punda."

"Nani kasema turudi? Zamani naijua kuliko wewe. Nilikuwa na miaka minane nabeba mtoto wa shangazi, na gauni langu halikuwa na mfuko. Nilipomwomba shangazi aniwekee, akaniuliza, una nini cha kuweka? Mtoto hana chake. Nikaushona mwenyewe kwa ndani, kwa uzi wa gunia, kidole kikatoka damu. Ndicho kitu changu cha kwanza kushona. Zamani mtoto alikuwa mikono. Leo mtoto ni maksi. Nimeishi kote kuwili na sijasikia mtu akimuuliza yeye anatakaje. Mfuko ni sehemu ndogo kuliko kiganja changu. Kama hata hapo hamtaki awe na chake, tafuteni fundi mwingine. Mimi mkono wangu hautashona."

Mwalimu mkuu alijibu kwa upole kwamba shule haiongozwi na mafundi cherehani. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Fundi akashindwa. Wa upande wake walikuwa kumi na mmoja, na muuguzi alikuwa mmojawapo, mkono juu, uso ameugeuzia dirishani.

Kazi ikapelekwa kwa fundi wa mtaa wa pili, na shule ilipofunguliwa watoto wakapita mbele ya duka wakiwa laini pande zote. Siku ya tatu, kibao cha mbao kikatokea mlangoni pa Mama Pindo, kimeandikwa kwa chaki: MIFUKO HUSHONWA HAPA, BURE, UKIWA NA RUHUSA YA MZAZI.

Wiki ya kwanza walikuja wanne. Wiki ya pili foleni ilifika barabarani. Walisimama wamejifunga kanga na taulo kiunoni, sare mikononi, wakisukumana na kucheka. Fundi alishona mifuko ya vitambaa vya mapazia, vya mashuka, vya maua. Kila mtoto alichagua chake.

Mwalimu mkuu alifika siku ya Ijumaa, saa za kutoka shule.

"Mama, unavunja sheria ya shule."

"Sheria yako inaishia getini, mwalimu. Hapa ni dukani kwangu."

"Nitaandika barua kwa wakubwa."

"Andika. Ukikwama kwenye jina langu, liko kwenye leseni hapo ukutani."

Hakuacha kukanyaga cherehani. Mwalimu mkuu akamgeukia msichana aliyekuwa mbele ya foleni, mdogo, meno mawili hayapo.

"Wewe unataka kuweka nini humo?"

Msichana akafikiri kwa bidii, kama anayetafuta jibu sahihi. "Bado sijajua, mwalimu."

Mwalimu mkuu alisimama pale kidogo, mikono yake yote miwili imezama katika mifuko ya suruali yake nadhifu. Kisha akaondoka, na barua haikuandikwa. Sheria ilibaki imebandikwa ofisini, na mwaka uliofuata kazi ya sare ikaenda tena kwa fundi wa mtaa wa pili. Mama Pindo alishona mapazia na magauni ya harusi, na hakuwahi kusema kwamba anajuta. Nyumbani, muuguzi alilibandua jedwali kutoka kwenye jokofu ili alichore upya, akalikunja, akaliweka kabatini, na juma baada ya juma hakuna aliyelitafuta.